Mashine Pepe: Habari ya Programu za Kugawa Seva

Makampuni mengi huweka hesabu zake, barua zake na orodha za bidhaa zake katika seva, yaani kompyuta iliyowekwa kuzihudumia kompyuta nyingine. Desturi ya awali ilikuwa kuipa kila kazi seva yake, kwa kuwa programu mbili zikikaa pamoja aghalabu hugombana, na moja ikianguka huiangusha na mwenziwe. Matokeo yakawa ni chumba kilichojaa mashine zilazo umeme mchana na usiku, na nyingi katika hizo hazina kazi kubwa ya kufanya. Dawa ya hasara hiyo ni programu iigawayo seva moja kuwa mashine kadhaa, kila moja ikijiona kuwa kompyuta kamili yenye mfumo wake wa uendeshaji. Programu hiyo huitwa haipavaiza, na kila mashine itokanayo nayo huitwa mashine pepe.

Majina haya mawili yastahili kuangaliwa kidogo. Katika kompyuta kubwa za miaka ya 1960, sehemu ya mfumo iliyotawala programu nyingine iliitwa kwa Kiingereza jina la msimamizi. Na ile iliyokuja kuwatawala wasimamizi wenyewe ikapewa jina lenye kiambishi cha Kiyunani kilichozidi kile cha Kilatini. Kwa Kiswahili cha mashambani angeitwa nyapara wa wanyapara, na maana isingepotea hata kidogo. Neno pepe, kwa upande wake, lina taabu. Limezoeleka katika barua pepe, lakini mkulima wa mpunga hulijua kuwa ni punje tupu, isiyo na kiini. Mashine pepe si tupu: hufanya kazi halisi, kwa kumbukumbu halisi, katika chuma halisi. Kilicho cha kudhaniwa ndani yake ni mipaka yake tu.

Fani yenyewe si mpya. Wahandisi wa IBM huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walikuwa na mfumo wa namna hii ukifanya kazi mwaka 1967, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Shida ilitokea baadaye, pale vichakataji vya kompyuta ndogo za jamii ya Intel vilipoenea. Ili haipavaiza itawale, yapasa kila amri nyeti itolewayo na mfumo mgeni inaswe na kupelekwa kwake kwanza. Lakini vichakataji vile vilikuwa na amri kadhaa zilizopita kimya bila kunaswa, na jibu likaja la uongo.

Njia mbili zilitumika kuivuka shida hiyo, na mwanalugha atazitambua mara moja. Kampuni ya VMware, iliyoundwa mwaka 1998, iliweka mkalimani: programu yake ilizisoma amri za mfumo mgeni na kuzitafsiri zile za hatari papo hapo, na mgeni asijue kwamba maneno yake yamegeuzwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza (Cambridge nyingine hii), walitoa Xen mwaka 2003 kwa njia iliyo kinyume: walimfundisha mgeni lugha ya mwenyeji, yaani waliubadili mfumo wenyewe ili uombe huduma kwa haipavaiza waziwazi. Njia hii ilikuwa nyepesi, ila haikufaa kwa mifumo ambayo wenyewe hawakuruhusu ibadilishwe. Tangu mwaka 2005 Intel, na baadaye kidogo AMD, walitia ndani ya kichakataji chenyewe uwezo wa kunasa amri hizo, na haja ya mkalimani ikapungua sana. Ndipo zilipopata nafasi KVM, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007, na Hyper-V ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2008.

Kwa hiyo mwenye kampuni akiuliza leo ipi iendayo mbio zaidi, swali lake limepitwa na wakati. Tofauti ya mwendo ni ndogo kwa kazi za kawaida za ofisi. Hitilafu kubwa imo katika leseni, na katika vyombo vya kuzisimamia mashine pepe, kuzihamisha na kuzihifadhi.

VMware ndiyo iliyotawala soko kwa muda mrefu, na uwezo wa kuihamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine bila kuizima ilikuwa nao tangu mwaka 2003. Hata hivyo, Broadcom ilipomaliza kuinunua mnamo Novemba 2023, mwezi uliofuata ilikoma kuuza leseni za kudumu, na mteja akatakiwa kulipa kwa muda. Malipo huhesabiwa kwa viini vya kichakataji, na kila kichakataji huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16. Kampuni yenye seva mbili, kila seva vichakataji viwili vya viini 8, ina viini 32 lakini hulipia 64. Aliyenunua leseni ya kudumu zamani aweza kuendelea kuitumia. Ila msaada wa kawaida wa toleo la 7 ulikwisha Oktoba 2025, na programu isiyotiwa viraka vya usalama ni mlango ulioachwa wazi.

Hyper-V haina bei yake ya peke yake, kwa kuwa huja pamoja na Windows Server. Leseni ya Standard, seva ikiwa imelipiwa viini vyake vyote, huruhusu mashine pepe mbili za Windows. Leseni ya Datacenter haiweki kikomo. Bei iliyotangazwa ya Datacenter ni karibu mara sita ya Standard, basi kwa mashine pepe zipatazo 12 hivi hesabu za leseni hizo mbili hukutana. Hapa wengi hukosea: leseni hizi ni za Windows iliyo ndani ya mashine pepe, wala si za haipavaiza. Ahamaye kwenda kwa programu ya bure, naye ana seva kumi za Windows, deni lake kwa Microsoft liko pale pale.

KVM haiuzwi. Kampuni ndogo huipata kwa urahisi kupitia Proxmox, iliyotengenezwa Vienna, Austria, ambayo msimbo wake uko wazi. Alipaye hulipia msaada, kwa kila kichakataji, si kwa kiini. Mwaka 2024 ikapata chombo cha kuingiza mashine pepe kutoka VMware, na wakati wake haukuwa wa bahati nasibu. Ila yataka mtu aijuaye Linux. Tena yataka hesabu ya kura: seva zilizounganishwa huamua kwa wingi nani yu hai, na seva mbili peke yake zikipotezana hakuna yenye wingi, hivyo zahitaji ya tatu, au walau shahidi mdogo wa kupiga kura. Xen nayo ingaliko, kwa jina la XCP-ng miongoni mwa mengine, ingawa Amazon, iliyoanzia kwa Xen mwaka 2006, ilianza mwaka 2017 kuelekea mfumo uliojengwa juu ya KVM.

Kwa kampuni yenye Windows tupu na fundi mmoja aliyeizoea, Hyper-V yafaa kuliko zote. Yenye mchanganyiko wa mifumo na fundi wa Linux itaokoa fedha kwa Proxmox. VMware yabaki kwa wenye mamia ya mashine pepe na taratibu zilizojengwa juu yake kwa miaka, ambao gharama ya kuhama yaweza kuipita ile ya kulipa. Na ahamaye, ajaribu kwanza kuirudisha mashine moja kutoka katika nakala ya akiba ndani ya mfumo mpya, kabla leseni ya zamani haijafika mwisho wake.