Kitabu cha Kwanza cha Programu kwa Msomaji wa Lugha Tatu: Uteuzi wa Vitabu vya Python Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kuteua kitabu cha mwanzo cha kujifunzia lugha ya programu ya Python katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na katika jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja ya msingi ni kwamba kikwazo kikubwa cha mwanagenzi si maneno machache ya Kiingereza yaliyomo ndani ya programu, bali ni lugha ya maelezo yanayoyazunguka. Makala yanapendekeza vigezo vinne vya uteuzi, yaani lugha ya maelezo, toleo, mahitaji ya mtandao na leseni, kisha yanaonesha nafasi ya Kiswahili katika usomaji wa vitabu hivyo.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, yaliyoko wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yana wakazi zaidi ya 100,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kusafiri nchini. Kwa sababu hiyo Mbarara, yenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989, ni mahali ambapo kijana wa Nakivale anaweza kutazamia masomo au ajira.

Uandishi wa programu ni stadi inayoweza kuanza kujifunzwa bila darasa rasmi, mradi pawepo kompyuta na kitabu. Hata hivyo, mwanagenzi anayejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba kitabu ndicho kisichomfaa. Anapokwama katika kurasa za mwanzo hujihukumu yeye mwenyewe, akaamini kwamba hana kichwa cha kompyuta, akaacha. Kwa mtu ambaye masomo yake yamekwisha kukatizwa na vita, kosa hilo la uteuzi si dogo.

2.0 Lugha Tatu juu ya Meza Moja

Tuchukue mfano wa vijana wawili. Wa kwanza alisoma Bukavu kwa Kifaransa na huzungumza Kiswahili nyumbani. Wa pili alisoma sekondari Mbarara kwa Kiingereza. Lugha yake ya kwanza ni Kinyankore, na Kiswahili anakijua kwa kiasi. Wote wawili wanataka kujifunza Python, na mara nyingi hupewa kitabu kimoja cha Kiingereza kwa hoja kwamba programu huandikwa kwa Kiingereza.

Hoja hiyo ina ukweli mdogo. Python 3 ya sasa ina maneno maalumu 35 tu, kama vile if, while, for na return. Mwanagenzi anaweza kuyakariri kama alama, jinsi anavyokariri alama za hisabati, bila kujua Kiingereza kingi. Lakini kitabu kinachoyafafanua maneno hayo kina makumi ya maelfu ya maneno ya nathari: fasili, maonyo, mifano na maswali. Humo ndimo kijana wa Bukavu anamopotea.

Upambanuzi huu unasaidia pia kuipima Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyobuniwa Tanzania, inayotumia maneno kama andika, kama na wakati mahali pa yale ya Kiingereza. Nuru imethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba amri za kompyuta. Hata hivyo, kuyatafsiri maneno maalumu kunatatua sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni maelezo.

3.0 Vigezo vya Uteuzi

3.1 Lugha ya maelezo

Kitabu kiwe katika lugha ambayo mwanagenzi alizoea kusomea. Kwa msomaji wa Kiingereza, Think Python cha Allen Downey ni chaguo zuri, kwa kuwa ni kifupi na hufasili istilahi zake mwishoni mwa kila sura. Kwa msomaji wa Kifaransa, kipo Apprendre à programmer avec Python 3 cha Gérard Swinnen, mwalimu wa Ubelgiji.

Vitabu hivi viwili ni vya ukoo mmoja. Mwaka 1999 Downey aliandika kitabu cha mwanzo cha lugha ya Java, akakiachia kwa leseni huria. Jeffrey Elkner, mwalimu wa sekondari huko Virginia, Marekani, akakigeuza kiwe cha Python. Swinnen naye alianza kwa kuifasiri na kuirekebisha kazi hiyo, kisha akaiandika upya kwa kiasi kikubwa. Vitabu hivi havilingani ukurasa kwa ukurasa, lakini dhana za msingi ni zile zile. Kwa hiyo vijana wetu wawili wanaweza kuketi meza moja, kila mmoja na kitabu chake.

3.2 Toleo

Usaidizi rasmi wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vyake bado vinapitishwa kutoka mkono hadi mkono na kutoka simu hadi simu. Katika Python 2 mtu aliweza kuandika print "Habari". Katika Python 3 mabano ni ya lazima, na amri hiyo huleta kosa. Hatari zaidi ni tofauti isiyotoa onyo: 7/2 ilikuwa 3 katika Python 2, na ni 3.5 katika Python 3. Mfano wa kwanza wenye print ukikosa mabano, kitabu kiachwe.

3.3 Mahitaji ya mtandao

Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart ni kitabu chenye manufaa kwa mfanyakazi wa ofisi, ila baadhi ya sura zake, kama zile za kukusanya data kutoka tovuti na kutuma baruapepe, zinahitaji intaneti. Upya nao si kigezo tosha. Toleo la tatu la Think Python, la mwaka 2024, limeandaliwa kwa madaftari ya Jupyter, ambayo msomaji huelekezwa kuyaendesha mtandaoni. Toleo la pili, la mwaka 2015, linatosheka na Python iliyokwisha kusakinishwa. Pale ambapo data hununuliwa kidogo kidogo, toleo la pili linafaa zaidi.

3.4 Leseni

Vitabu vya Downey, Swinnen na Sweigart vimetolewa kwa leseni za Creative Commons zinazoruhusu kunakili, kugawa na kutafsiri bila kufanya biashara. Python Crash Course cha Eric Matthes kinasifika, lakini hakina ruhusa hiyo. Kikundi kinachotegemea nakala moja katika diski mweko kinahitaji kitabu kinachonakilika kihalali.

4.0 Nafasi ya Kiswahili

Kiswahili kina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kuwa lugha ya mjadala. Kabla ya kukikubali kitabu, mwanagenzi asome kurasa tatu za sura ya masharti, akifunge, kisha amweleze mwenzake kwa Kiswahili alichosoma. Akishindwa, ajaribu kitabu kingine kabla ya kujilaumu. Kijana wa Mbarara, ambaye Kiswahili chake bado kinakua, naye hunufaika kwa kukisikia katika kazi halisi.

Kazi ya pili ni kuzalisha mazoezi. Saa ya Kiswahili ni mfano bora. Ili kugeuza saa ya Kiingereza kuwa ya Kiswahili, jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki: (saa + 6) % 12. Saa 7 hutoa 1, yaani saa moja. Lakini saa 6 hutoa 0, na hakuna saa sifuri. Ndipo sharti linapohitajika: jibu likiwa 0, andika 12. Zoezi hili moja linafundisha kigeu, baki na sharti kwa jambo ambalo kila mzungumzaji hulifanya kichwani kila siku.

5.0 Hitimisho

Kitabu bora cha mwanzo ni kile ambacho mwanagenzi anaweza kukisoma, kukiendesha bila mtandao na kukinakili kihalali, hata kama si kile chenye sifa kubwa zaidi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Uamuzi huo utahitaji vitabu vya masomo mengine, si vya sarufi na fasihi pekee. Leseni za Downey na Swinnen zimeuacha mlango wazi. Elkner, mwalimu wa sekondari, alikigeuza kitabu kile kiwe cha Python, na Swinnen akakifikisha kwenye Kifaransa. Hatua ya kukifikisha kwenye Kiswahili inawasubiri walimu na wanaisimu wa ukanda huu.