“Mbona Mwenzake Ametua?”

Ndege ya Bukoba ikigeuza hewani na kurudi Mwanza, swali huwa lile lile. Anayewahi msiba Kayanga huliuliza, na jamaa waliotoka Nkwenda usiku kumpokea mgeni huliuliza pia: mbona iliyotangulia imetua? Hukumu hufuata hapo hapo: rubani huyu mwoga, mzoefu angeshusha.

Hukumu hiyo ni ya hatari, na imesemwa mara nyingi mno.

Mvua peke yake si tatizo kubwa. Injini za ndege zimeundwa kustahimili maji mengi. Kinachoua ni upepo unaoporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ukapiga chini na kutawanyika pande zote. Ndege ikiingia humo hupokewa kwanza na upepo wa mbele, ikainuka, na rubani akashawishika kupunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye upepo unahamia nyuma, mabawa hayaibebi tena ndege, na chini zimebaki mita 200. Upepo huo huzuka na kuisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ndege mbili zinazofuatana zinaweza kukuta hali mbili tofauti kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985. Learjet ndogo ilipenya mvua ikatua salama. Ndege ya abiria ya kampuni ya Delta, safari namba 191, iliyokuwa nyuma yake, ilibamizwa chini na watu 137 wakafa. Nahodha wake alikuwa amerusha ndege kwa zaidi ya saa 29,000. Uzoefu gani zaidi unatakiwa?

Mkoa wa Kagera, ulipo mji wa Bukoba, una sababu yake ya ziada ya hatari hiyo. Ziwa Victoria hujenga mawingu ya radi usiku, na upepo wa mashariki huyasukuma hadi ukingo wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba inaweza kuwa gizani kwa mvua asubuhi huku Karagwe na Kyerwa kukiwa na jua. Simu ya kutoka Omurushaka, Karagwe, kwamba “huku kweupe” haimsaidii rubani kitu.

Tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani, karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwemo watu 43. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Mkoa ulioshuhudia msiba huo hauna sababu ya kumzomea rubani anayegeuza.

Mwenye safari afanye haya. Asipange kufika siku ile ile ya shughuli. Aulize mapema ndege ikishindwa kutua itampeleka wapi, na kampuni itamsafirishaje. Aweke nauli ya basi kutoka Mwanza kupitia Daraja la J.P. Magufuli. Akishakaa, afunge mkanda na ahesabu viti hadi mlango wa dharura. Jaketi la kuokolea asilijaze hewa akiwa ndani: maji yakiingia, litamwinua hadi darini na kumzuia kuufikia mlango.