Garimoshi Lisilo na Moshi: Istilahi za Usafiri wa Umeme na Mtazamaji wa Mwanda

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali la istilahi lililoletwa na mabadiliko ya vyombo vya usafiri. Mabasi yaendeshwayo kwa umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za namna hiyo zinazidi kuonekana miongoni mwa waendeshaji wa bodaboda. Utafiti juu ya vyombo hivyo, hata hivyo, huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Je, endapo maonyesho ya kusafiri, ambayo mtazamaji hushika vifaa na kuvijaribu kwa mikono yake, yatapelekwa Mwanda katika milima ya Taita, yataeleza dhana zake kwa maneno gani?

Swali hili lina historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ulizungusha filamu kwa lori katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Maelezo ya picha hizo yalitolewa kwa sahani za santuri katika lugha mbalimbali za Afrika. Lolote tuwezalo kusema juu ya siasa ya mradi huo wa kikoloni, jambo moja lilikuwa dhahiri kwake: picha haijielezi yenyewe.

Tukiutazama msamiati wetu wa usafiri, tutaona kwamba Kiswahili kimezoea kuvipa vyombo vipya majina kwa kushika sifa moja iliyo wazi. Neno gari, lenye asili ya Kihindi, liliungana na moshi tukapata garimoshi. Meli ilitokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vilivyosafirishwa kwa chombo hicho. Stima, iliyotokana na mvuke, ilikuwa jina la chombo cha majini, na leo Wakenya wengi huitumia kwa maana ya umeme. Nalo neno umeme lilikuwa la mwanga wa radi kabla ya kuingia katika nyaya za nyumba zetu.

Sifa iliyozaa jina yaweza kutoweka na jina likabaki. Treni za abiria zinazopita Voi katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 huvutwa kwa dizeli, lakini zile zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 huendeshwa kwa umeme. Tukiziita garimoshi hatukosei, maana mzungumzaji hachambui tena sehemu za neno hilo. Kwa hiyo hapana haja ya kubuni jina jipya kwa kila chombo kipya. Haja iko pale ambapo neno moja linabeba dhana mbili na kumpotosha msikilizaji.

Tuchukue mfano wa kitenzi chaji. Mtu akisema, “Pikipiki hii inachaji mia mbili,” msikilizaji wa Kenya ataelewa kwamba hiyo ndiyo nauli. Lakini katika maonyesho yetu kitenzi hicho kitatumika pia kwa kutia umeme katika betri, na gharama ya kutia umeme nayo itaitwa chaji. Twapendekeza kuchaji libaki kwa betri peke yake, na upande wa fedha utumie kutoza, nauli au ada, maneno ambayo tayari tunayo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Neno nguvu hutumiwa kwa kani inayosukuma chombo, kwa nishati iliyomo katika betri, na kwa kasi ambayo nishati hiyo hutumika. Mwendeshaji wa Mwanda akiambiwa tu kwamba pikipiki “ina nguvu,” hajui kama itaupanda mlima akiwa na abiria, au kama itafika mbali kabla ya betri kwisha. Hayo ni maswali mawili, na huenda akachukua mkopo kwa kutegemea jibu la swali moja tu.

Nishati, ambayo vitabu vingi vya shule nchini Kenya huiita kawi, yaweza kufafanuliwa kwa neno ambalo mnunuzi wa tokeni za umeme analijua: uniti. Uniti moja ni kilowati-saa 1. Pikipiki, mwendeshaji na abiria wakiwa na uzito wa kilo 250 kwa jumla, kupanda kwa kimo cha mita 1,000 huhitaji takriban uniti 0.7, bila kuhesabu nishati inayopotea njiani. Ndiyo sababu umbali uliopimwa katika barabara ya tambarare hauwezi kuahidiwa kwa mtu wa milimani.

Wakati wa kuteremka, mota ya umeme yaweza kugeuka jenereta: huzuia mwendo, na papo hapo hurudisha sehemu ya nishati katika betri. Jambo hili twaweza kuliita breki rejeshi. Mtazamaji akizungusha gurudumu kwa mkono na kuona taa ikiwaka, kisha ahisi gurudumu likiwa zito taa inapowaka, atalielewa neno hilo kabla ya kusoma fasili yake.

Hapa ndipo maonyesho yanapoweza kuwafaa wanaisimu. Wenyeji wa Mwanda huzungumza Kidawida nyumbani na Kiswahili sokoni na shuleni. Yafaa waruhusiwe kuuliza kwa lugha zote mbili, na maneno watakayotumia yaandikwe. Istilahi inayotungwa mezani hukaa katika orodha. Iliyojaribiwa mbele ya mtu mwenye swali lake la kweli ina tumaini la kusemwa. Ni matumaini yetu kwamba idara za lugha zitaalikwa kabla mabango hayajachapishwa, kwani zikiitwa baadaye zitabaki na kazi ya kufasiri tu.