Gunia Litakaa Wapi?

Chumba cha kukodi katika mitaa ya Mwembe, Jogoo au Nyanchwa mjini Kisii mara nyingi huwa futi 10 kwa 10, yaani mita za mraba 9 na kidogo. Alfajiri ni jiko. Mchana ni stoo, na kwa fundi wa kushona au muuza mitumba ni mahali pa kazi. Jioni meza ya chakula inageuka kuwa dawati la mtoto, na usiku viti vinapandishwa juu ya meza hiyohiyo ili godoro la watoto litandikwe sakafuni. Kila kazi ina vyombo vyake, na vyombo hivyo haviondoki kazi inapoisha.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika jirani yake, Nyamira. Kwa Kisii huo ni wastani wa watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, na kwa Nyamira zaidi ya 670, idadi kubwa mno kwa kaunti ambazo wakazi wake wengi bado hutegemea shamba. Ardhi imegawanywa kutoka baba hadi wana mpaka vipande vingine havifiki ekari moja. Mjini, Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kimeleta wapangaji wengi, na vyumba vya kukodi vimezidi kupanda milimani. Shirika la UN-Habitat huhesabu kuwa kuna msongamano pale watu wanapozidi 3 kwa kila chumba. Wazazi wawili na watoto wawili wanaoishi chumba kimoja wameshavuka mpaka huo kabla hata hawajaingiza kabati.

Wagusii wa zamani, wenyeji wa kaunti hizi, nao hawakuishi katika majumba makubwa. Nyumba ya mama ilikuwa ya mviringo, kuta za udongo na paa la nyasi, na ndani mlikuwa na meko, watoto na sehemu ya kupokelea wageni. Lakini juu ya vichwa vyao kulikuwa na rirongo, dari ya miti iliyobeba nafaka, vyungu na vikapu, huku moshi wa meko ukikausha vilivyowekwa huko na kufukuza wadudu. Nje palisimama ekiage, ghala la nafaka lililoinuliwa kutoka ardhini. Wavulana waliokwisha kutahiriwa walihamia esaiga, nyumba yao wenyewe, wakaondoka na vitu vyao. Mzigo wa familia moja ulikuwa na mahali kadhaa pa kukaa. Chumba cha leo kimeingiza vyote ndani ya mlango mmoja, na kwa kuwa nafasi ya juu hubaki tupu au hufunikwa na bodi, hata ile rirongo imetoweka.

Ndiyo maana ni dhuluma kumwita mama mvivu kwa sababu chumba chake kimejaa. Na yeye ndiye anayeumia zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walichapisha mwaka 2010 uchunguzi uliohusu wanandoa wenye watoto, ambapo mume na mke wote walikuwa wakifanya kazi. Wanawake walioieleza nyumba yao kama mahali palipojaa vitu na kazi zisizokwisha, homoni yao ya msongo wa mawazo haikushuka vizuri kadiri siku ilivyosonga. Hao walikuwa na vyumba kadhaa. Mwenye chumba kimoja hana hata mlango wa kuufungia mrundikano.

Ushauri maarufu duniani wa kupanga nyumba ni ule wa Mjapani Marie Kondo, aliyetoa kitabu chake mwaka 2011: shika kila kitu, baki na kile kinachokufurahisha. Kwa mkulima wa chai wa Kebirigo au Nyansiongo huko Nyamira, ushauri huo hauendi mbali. Mifuko ya mbolea ya kilo 50 inayoletwa kupitia kiwanda cha chai haimfurahishi mtu sebuleni, lakini ndiyo majani ya msimu ujao. Sufuria kubwa hutoka mara chache kwa mwaka, na siku ya matanga au ya kupokea posa haina mbadala. Hapa swali lenye manufaa ni kitu kinahitajika lini. Cha kila siku kikae mkono unapofika, cha kila wiki kiingie uvunguni, cha msimu kipande juu.

Uvungu ndio stoo ya kwanza. Kitanda kikiinuliwa kwa vipande vinne vya mbao au matofali, vilivyolingana na visivyoteleza, hupokea masanduku ya bati ambayo watoto walirudi nayo kutoka shule za bweni. Sanduku hilo lina kufuli, panya halitoboi, na linabeba nguo za familia nzima zisizo za wiki hii. Mbolea ni jambo jingine. Ilazwe juu ya mbao ili isivute unyevu wa sakafu, mbali na unga na mahindi, na dawa za shambani zisikae chumba cha kulala kamwe.

Mvua ya Gusii, inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, huingiza nguo mbichi ndani alasiri nyingi. Kamba ikifungwa upande wa dirisha badala ya juu ya kitanda, unyevu hutoka na ukuta hauoti ukungu. Misumari iliyosheheni makoti ina hatari yake pia: nyanda hizi za juu hupata milipuko ya malaria, na mbu hupenda kujificha mchana kwenye nguo zinazoning'inia gizani.

Kuhusu moto hakuna mjadala. Mtungi wa gesi wa kilo 6 usisukumwe uvunguni wala nyuma ya pazia ili kuokoa nafasi, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Jiko la makaa lisilale ndani hata kama linaonekana limezimika, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

Kuna mali isiyopangika ndani ya futi 10 kwa 10, nayo ni ya chama. Viti vya plastiki, sahani na hema la kikundi huishia chumbani kwa mweka hazina, ambaye hulala navyo mwaka mzima bila malipo. Kikundi kinachokodisha vifaa hivyo kinaweza kutenga sehemu ya mapato kulipia stoo karibu na soko, au kumlipa anayevihifadhi.

Wenye ploti nao wana sehemu yao. Anayejenga leo akimwagiza fundi amwage rafu ya zege yenye nondo juu ya usawa wa mlango, upana wa futi 2 kwa urefu wa ukuta mmoja, atampa mpangaji futi 20 za mraba, sawa na moja ya tano ya sakafu yote. Gunia la mahindi, sufuria ya wageni na sanduku la vitabu vitakaa huko.