KUBADILI FEMUWEA YA MASHINE YA KUCHOMA DISKI: FAIDA NA HATARI ZAKE

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Mpenzi msomaji, makala haya yanahusu kifaa ambacho wengi wenu mmekiona kwenye kompyuta za zamani, lakini ni wachache wanaojua kinavyofanya kazi. Hicho ni mashine ya kuchoma CD na DVD.

Katika miaka ya 2000 mashine hii iliwapa vijana wengi riziki. Vibanda vya kuchoma na kuuza diski vilikuwa karibu na steji za matatu hapa Nyamira, kule Keroka na mjini Kisii. Siku hizi watu hubeba nyimbo kwenye simu na flashi, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kutia diski. Hata hivyo, diski zenyewe bado zimo kabatini nyumbani: za harusi, za mazishi, na za tamasha za shule. Mwenye kutaka kuzitazama hutafuta mashine iliyosalia, na hapo fundi humwambia, "Lete niiflashi, itasoma kila kitu!" Je, akubali?

Kwanza tuelewe femuwea ni nini. Ndani ya mashine ya kuchoma diski mna chipu yenye programu ndogo iliyowekwa kiwandani. Programu hiyo ndiyo femuwea. Ndiyo inayoamuru diski izunguke kwa kasi gani na mwanga wa leza uwe na nguvu kiasi gani. Kila diski tupu ya DVD ina alama ya siri inayotaja kiwanda kilichoitengeneza. Mashine huisoma alama hiyo, kisha hutazama katika orodha iliyomo ndani ya femuwea ili ijue namna ya kuichoma. Isipoiona alama hiyo katika orodha, huchoma kwa kubahatisha, mara nyingi polepole, na pengine diski ikaharibika.

Kampuni zilizotengeneza mashine hizi zilitoa femuwea mpya mara kwa mara. Lakini kuna wajuzi wengine wasio wa kampuni, ambao hufungua femuwea hizo na kuzigeuza wapendavyo. Hizo ndizo femuwea zisizo rasmi.

Faida zake ni zipi? Ya kwanza ni kuondoa mipaka ya maeneo. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo 6. Marekani na Kanada ni eneo la 1, Ulaya na Japani eneo la 2, nasi Wakenya, pamoja na India na Urusi, tumo katika eneo la 5. Mashine za kompyuta zilizotengenezwa tangu mwaka wa 2000 humruhusu mwenyewe kubadilisha eneo mara 5 tu. Baada ya hapo mashine hujifunga kwenye eneo la mwisho. Kwa hiyo mtu aliyeletewa filamu halali kutoka Marekani anaweza kuinunua kwa jasho lake na bado asiione. Femuwea isiyo rasmi huondoa kikwazo hicho.

Ya pili, orodha ya diski tupu huongezwa, hivyo mashine ikazijua diski za bei nafuu zilizojaa madukani. Ya tatu, baadhi ya mashine zilipunguziwa kasi ya kusoma filamu makusudi, na femuwea hiyo huirudisha.

Sasa tugeukie hatari, kwa maana hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Wakati wa kuflashi, programu ya zamani hufutwa na mpya huandikwa mahali pake. Stima ikipotea katikati, na sote twajua stima hupotea bila kubisha hodi, mashine hubaki bila akili yoyote. Ukitumia femuwea ya modeli nyingine, hata kama majina yanafanana, matokeo yaweza kuwa yayo hayo. Tarehe 26 Aprili 1999 dunia ilijionea jambo hili wakati virusi vilivyoitwa CIH vilipofuta programu ya aina hiyo katika kompyuta nyingi. Kompyuta hizo hazikuweza hata kuwaka mpaka chipu ishughulikiwe.

Isitoshe, waranti hupotea. Faili zisizojulikana zilikotoka zaweza kubeba virusi. Kuchoma kwa kasi kupita kiasi nako huacha diski zenye makosa, ambazo leo zinasoma na kesho zinakataa. Kuna na sheria pia: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kunakili kazi ya mtu bila idhini yake. Mwanamuziki wa Kisii aliyelipia studio huibiwa vilevile, iwe mashine ina femuwea rasmi au haina.

Jambo moja watu hulisahau. Diski ya harusi iliyochomwa na jamaa zetu walio Minnesota kwa kawaida haina namba ya eneo. Ikikataa kusoma, huenda ina mikwaruzo, au haikufungwa vizuri baada ya kuchomwa, au rangi yake ya ndani imechakaa. Hapo kuflashi hakuwezi kufufua kilichokufa. Ifute kwanza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni, kisha ijaribu kwenye mashine nyingine.

Basi, ushauri wangu ni huu. Ikiwa una mashine moja tu, na diski za marehemu babu zinaitegemea, usiiguse femuwea yake. Nakili kwanza diski zote kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu. Kama shida ni eneo, tafuta mashine ya pili, uiweke eneo la 1 na kuiacha hapo. Na kama ni lazima uflashi, hakikisha namba ya modeli herufi kwa herufi, hifadhi femuwea ya zamani, toa diski iliyo ndani, na utumie laptopu yenye betri iliyojaa.

Mashine hununuliwa tena, lakini sauti ya mzee aliyekwisha kwenda haiuzwi dukani. Wenzangu, tuzinakili diski hizo mapema likizo hii.