Kubadili Hati ya Amana

Mtu akikabidhi mali yake kwa wadhamini waitunze kwa faida ya watoto wake, na hati ikatiwa sahihi, mali hiyo si yake tena. Wengi husahau jambo hili. Miaka kumi ikipita hutaka kuigeuza hati kana kwamba ni barua tu, nao hawawezi ila kama hati yenyewe iliwaachia uwezo huo.

Wenye neno ni wale wanaofaidika. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo asili ya sheria ya amana ya Kenya, kesi ya Saunders na Vautier ya mwaka 1841 ilithibitisha kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye mali yote ni haki yake, aweza kudai akabidhiwe. Wakiwa wengi, hapana budi wote wakubaliane. Taabu ni watoto wadogo, na hata wale ambao hawajazaliwa: nani atawasemea?

Swali hilo lilifika mbele ya House of Lords mwaka 1954, katika kesi ya Chapman. Ilitakiwa amana ibadilishwe ili kuepuka kodi iliyotozwa juu ya mali ya marehemu. Ombi lilikataliwa, kwa kuwa mahakama haikuwa na uwezo wa kukubali mpango huo kwa niaba ya watoto. Mwaka 1958 Bunge likaipa mahakama uwezo huo, mradi mtoto afaidike. Lakini mtu mzima anayekataa, mahakama haimsemei.

Wala faida si fedha tu. Mwaka 1968 jamaa moja iliyohamia kisiwa cha Jersey iliomba amana zake zipelekwe huko, ili ziepuke kodi ya faida ya mauzo iliyoanza Uingereza mwaka 1965. Lord Denning na wenzake walikataa, wakisema kwamba malezi na makao ya watoto nayo yana thamani. Kwa maoni yetu waliamua vema.

Huku Kenya kodi ya urithi ilifutwa mwaka 1982, lakini kodi ya faida ya mauzo ya mali ilirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5, ikapandishwa kuwa asilimia 15 mwaka 2023. Kumweka mdhamini mpya mahali pa aliyefariki si sawa na kuliondoa fungu la mmoja na kumpa mwingine. Badiliko la namna hii ya pili laweza kuhesabiwa kuwa uhamisho wa mali, na uhamisho wa ardhi una ushuru wa stempu pia: asilimia 4 mjini na 2 mashambani, isipokuwa pale sheria inaposamehe. Ushuru huo hukadiriwa kwa thamani ya ardhi siku inapohamishwa. Shamba lililowekwa amana lilipokuwa pori, na leo limezungukwa na maduka, litahesabiwa kwa thamani yake ya leo.