Kabla Mwalimu Hajavusha Wanafunzi Namanga

Safari ya Arusha yaweza kuishia Namanga, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, mwanafunzi mmoja akirudishwa kwa kukosa karatasi. Ndiyo maana mafunzo ya walimu wa Soweto Mashariki, Kibera, na wenzao wa Kawangware, yanafaa kuanza na stakabadhi. Ratiba ya mbuga ingoje.

Tangu 2014 Wakenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuwa katika mpango huo, na mtoto wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho. Anahitaji pasipoti au kibali cha muda. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kwa cheti cha kuzaliwa na idhini ya mzazi. Hapo ndipo penye kazi: ikiwa cheti kilipotea au hakikuchukuliwa kamwe, mzazi aanze kukitafuta muhula mzima kabla.

Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo kisitupwe.

Mwalimu abebe pia barua za wazazi, nambari zao za simu na orodha ya wenye pumu au kifafa, na awahesabu watoto kila wanaposhuka na kupanda basi.